Lita 15 kwa Mtu: Vipimo vya Misaada Vilivyozaliwa Goma

Katikati ya Julai 1994, kwa muda wa siku chache tu, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka wakaingia Goma, kando ya Ziwa Kivu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Walitua juu ya mawe ya volkano. Ardhi ile haikuchimbika kwa jembe wala sururu. Vyoo vikakosekana, na makaburi pia. Kiu ikawapeleka ziwani. Kipindupindu kilithibitishwa Julai 20, kuhara damu kukafuata, na ndani ya mwezi mmoja watu wapatao 50,000 walikufa. Inauma zaidi kwa sababu tiba kuu ya kipindupindu ni maji, chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, mgonjwa akinyweshwa mapema.

Misaada ilikuja kwa wingi. Kulikuwa na mashirika yenye mafundi wa maji na waganga wazoefu, na mengine yaliyokuja na huruma peke yake, wala hapakuwa na kipimo cha kuyatofautisha. Chakula nacho kilipitia mikononi mwa viongozi wa utawala ule ule uliotekeleza mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Wao ndio walioshika orodha za wakimbizi, na kaya nyingi zilizoongozwa na wanawake zikapunjwa.

Tathmini ya pamoja ya misaada hiyo, iliyotolewa mwaka 1996, iliyakosoa mashirika bila kuyaonea haya. Mwaka uliofuata, Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika mengine walianzisha mradi wa Sphere, na mwongozo wao kamili ukachapishwa mwaka 2000. Humo, msaada ukapewa namba: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, choo kimoja kwa watu 20, kilokalori 2,100 za chakula, na mita za mraba 3.5 za makazi kwa kila mtu. Tangu hapo, ofisa yeyote kambini aliweza kuhesabu ndoo na kujua watu wamepungukiwa kiasi gani.

Hata hivyo, vipimo hivyo havina nguvu ya sheria, na havikutosha kuondoa dhuluma ya orodha. Suala hilo liliguswa zaidi na viwango vya msingi vya misaada ya kibinadamu vya mwaka 2014, vilivyoyataka mashirika yawaeleze walengwa haki zao, yawashirikishe katika maamuzi, na yapokee malalamiko yao na kuyajibu.