Baiskeli ya Kimo Chako

Mchikichini, jijini Dar es Salaam, imepakana na Kariakoo, kwenye ardhi tambarare inayoteremkia Bonde la Msimbazi. Ardhi ya namna hiyo inamfaa sana mwendesha baiskeli. Hata hivyo, kwa miaka mingi mnunuzi aliuliza bei na uimara tu. Suala la kimo chake halikugusiwa.

Enzi za Mwingereza, baiskeli iliyotamba Tanganyika ilikuwa Raleigh ya Nottingham: nyeusi, nzito, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma. Fremu ya kiume ilikuwa inchi 22 au 24. Baada ya uhuru zikaenea Phoenix za China na Hero za India, na hapa nchini ikaundwa Swala. Majina yalibadilika, umbo likabaki lilelile.

Kwa hiyo mwili ndio uliojipinda. Mtoto aliyetumwa dukani na baiskeli ya baba alipenyeza mguu chini ya bomba la juu, akaendesha kiubavuubavu bila kuigusa siti. Mtu mfupi alinesa kiuno kushoto na kulia kila alipokanyaga pedeli, akafika amechubuka mapaja. Mrefu aliendesha magoti yakimpanda kifuani. Kwa mwanamke aliyevaa gauni au kanga, bomba lile la juu lilikuwa kizuizi tosha. Fremu za kike zilitengenezwa, lakini nyumba yenye baiskeli moja kwa kawaida ilikuwa na ya kiume.

Aliyebaki kuwa tegemeo ni fundi wa barazani na spana yake ya kupandisha au kushusha siti. Lakini siti ikae juu kiasi gani?

Nchini Uingereza, mwaka 1967, watafiti Hamley na Thomas walionyesha kuwa mwendeshaji hufanya kazi kwa ufanisi zaidi siti ikiwa juu ya pedeli ya chini kwa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Mwenye mguu wa sentimita 80 anahitaji takriban 87. Asiye na futi huketi, akaweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu ukinyooka bila kiuno kuinama, siti imekaa sawa. Akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo.

Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, milango ilifunguka kwa mitumba, na baadaye zikazagaa baiskeli zilizotumika Japani na Ulaya: fremu ndogo, fremu za kike, za milimani, siti za kupandishwa kwa mkono. Mchikichini, ambako soko la Karume limewazoesha watu kujaribu shati kabla ya kulipa, ni haki mteja aijaribu na baiskeli vivyo hivyo.

Kupandisha siti kuna hatari moja. Bomba linaloshika siti huwa na alama ya kikomo. Likivutwa kupita hapo, linaweza kupinda, au fremu ikapasuka shingoni. Fundi makini huitazama alama hiyo kwanza. Ikishatokeza nje, humshauri mteja anunue bomba refu zaidi au achague fremu kubwa.