Umasikini Nchini: Asilimia Inashuka, Wahitaji Hawapungui



Ndugu zetu wengi huuliza: ikiwa umasikini unapungua, mbona wanaobisha hodi hawapungui? Jawabu limo ndani ya takwimu zenyewe.

Takwimu zinavyosema

Tanzania Bara, walioshindwa kupata mahitaji ya msingi walikuwa 39% mwaka 1991/92, wakashuka hadi 28.2% mwaka 2011/12 na 26.4% mwaka 2017/18. Zanzibar walikuwa 34.9% mwaka 2009/10, 30.4% mwaka 2014/15, na 25.7% mwaka 2019/20.

Lakini watu nao wanaongezeka. Masikini wa Bara, waliokadiriwa milioni 12 mwaka 2011/12, walifika karibu milioni 14 mwaka 2017/18. Tena kipimo chenyewe kiko chini: mwaka 2017/18 kilikuwa Sh. 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Aliyekivuka kwa shilingi elfu mbili hahesabiwi masikini, ila homa moja ya mtoto yatosha kumrudisha.

Sababu zake

Familia kubwa, elimu ndogo na uchumi unaokua pale wanapoajiriwa wachache ni miongoni mwa sababu. Kubwa zaidi ni hali ya mkulima, kwani vijijini Bara kiwango kilikuwa 31.3%.

Tuchukue mfano wa Lupiro, wilaya ya Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero ukitoka Ifakara. Ardhi ina rutuba, mpunga unastawi, na mto sasa unavukwa kwa daraja badala ya kivuko. Hata hivyo mkulima mdogo hutegemea mvua, na bonde hufurika. Wakati wa palizi akiba imekwisha na malaria imepamba moto. Mwenye dhiki huuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Yakija mavuno wote wanauza pamoja, bei inaanguka; baadaye ananunua chakula kwa bei ya juu.

Hukumu ya kununua mpunga kabla ya mavuno

Kununua zao la shamba maalumu kabla halijakomaa, kwa sharti la kuliacha likomae, haijuzu, kwa kuwa haijulikani litapatikana au la. Kukopesha fedha kwa sharti la kurudishiwa zaidi, ingawa kwa magunia, ni riba.

Kinachojuzu ni bei ya salam: thamani yote ilipwe papo hapo, aina, kipimo na muda wa kukabidhi vijulikane, na mpunga usifungwe na shamba fulani. Hata hapo, mnunuzi amche Allaah, asiifanye dhiki ya nduguye kuwa mtaji.

Wajibu wetu

Mazao yanayonyweshwa na mvua, yakifika nisabu, hutolewa Zaka sehemu moja ya kumi. Ya kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Faqiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika Suratut-Tawbah, aya ya 60, na wala hawatambuliwi kwa kipimo cha serikali, bali kwa kutotosheka mahitaji yao. Basi tusimnyime jirani kwa kuwa asilimia imeshuka.

Wa Allaahu A'lam.