Watazamaji walivyoipokea 'Maitu Njugira', tamthilia ya nyimbo iliyozimwa Nairobi mwaka wa 1982

TAMTHILIA inayoundwa kwa nyimbo ambazo watazamaji wanazijua tangu hapo si jambo geni duniani. Wazungu wameipa jina la lile sanduku la muziki lililokuwa likitiwa sarafu katika baa, nalo likacheza sahani aliyoichagua mteja. Mfano unaotajwa mno ni Mamma Mia!, iliyofunguliwa London mwezi Aprili 1999 na kujengwa juu ya nyimbo za kundi la ABBA kutoka Uswidi. Mtu hununua tikiti akijua kwamba hadithi ni ngeni kwake ilhali nyimbo anazijua, na mwisho wa onyesho aghalabu husimama na kuimba pamoja na waigizaji.

Miaka 17 kabla ya hapo, jiji la Nairobi lilikuwa limeshuhudia tamthilia ya namna hiyo, ijapokuwa hakuna aliyeiita kwa jina hilo. Hiyo ni Maitu Njugira, yaani 'Mama Niimbie', ya Ngugi wa Thiong'o na kituo cha elimu na utamaduni cha Kamiriithu, Limuru. Ilikuwa na nyimbo zaidi ya 80 zilizotoka katika makabila zaidi ya manane ya Kenya. Haikupata kuonyeshwa rasmi hata siku moja. Hata hivyo, kwa hesabu ya Ngugi mwenyewe, takribani watu 10,000 waliitazama.

Jinsi watu hao walivyoipokea ndiyo habari inayostahili kuelezwa, kwa kuwa ni mapokezi hayo, zaidi ya maneno yaliyoandikwa katika muswada, yaliyoitia serikali wasiwasi.

Ili kuelewa yaliyotukia mwaka wa 1982 sharti turudi nyuma hadi Oktoba 1976, katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lililo mkabala na Hoteli ya Norfolk. Jumba hilo lilijengwa na wakoloni na kufunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi, ambayo Ngugi aliiandika pamoja na Micere Mugo, na ile ya Francis Imbuga, Betrayal in the City, zilikuwa zimeteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha ya FESTAC jijini Lagos mwaka uliofuata. Ukumbi huo wa taifa ulizipa tamthilia hizo mbili siku nane tu kwa jumla, maana siku nyingine zilikuwa zimetengewa makundi ya kigeni.

Usiku wa ufunguzi wa mchezo wa Kimathi waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya viti. Watazamaji waliinuka wakawafuata. Wimbo ukatoka nje ya jengo na ngoma ikachezwa uwanjani, asijulikane aliyelipwa kucheza na aliyelipa kutazama. Ngugi ameandika baadaye kwamba usiku huo ulimfundisha jambo kuhusu kuta za ukumbi.

Funzo hilo lilipelekwa Kamiriithu. Kijiji hicho, chanzo chake kikiwa ni makazi ya kulazimishwa ya enzi za hali ya hatari, kilikuwa na wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wadogo na vijana wasio na kazi. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda ('Nitaolewa Nikipenda'), Kimani Gecau akawa mwelekezi. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi usio na paa wa kuketi watu wapatao 2,000.

Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, kila mpita njia akiona. Ni hapo hadhira ilipoanza kujitwalia kazi ambayo katika kumbi za mjini haimhusu mtazamaji. Wazee walikatiza mazoezi kusahihisha Kigikuyu cha wasomi wa chuo kikuu, wakieleza jinsi mzee anavyostahili kumjibu kijana na misemo gani humwambaa mgeni. Mtu aliyewahi kutengeneza bunduki za Mau Mau aliwaonyesha vijana umbo la bunduki hizo. Wafanyakazi wa kiwandani walipiga hesabu ya thamani ya wanachozalisha na kuilinganisha na mshahara wanaopewa. Kufikia siku ya ufunguzi, Jumapili ya Oktoba 2, 1977, wengi wa waliokaa vitini walikuwa wakizijua nyimbo na hata mazungumzo kwa moyo.

Nyimbo zenyewe hazikuwa ngeni. Zilikuwa za arusi, za ibada na za wapiganaji wa msituni, nyingine zikiwa zimebadilishwa maneno.

Habari zilipoenea, watu walikodi mabasi na teksi kwenda kutazama. Waliotoka Nairobi walipanda kwa barabara ya Westlands, wakapita Loresho, Kangemi na Uthiru hadi Limuru, na naam, safari hiyo yenyewe ilikuwa kinyume cha mazoea. Kwa miaka mingi mtu wa Limuru ndiye aliyekuwa akiteremka mjini kutafuta burudani. Jumapili moja mvua ilinyesha. Watazamaji walikimbilia chini ya miti na mapaa ya majirani, ilipokatika wakarejea, na ukumbi ukajaa kama awali. Mchezo ulikatizwa hivyo kama mara tatu mchana huo na hakuna aliyekwenda zake.

Jambo lililo na uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la majina. Watu walianza kujiita Kiguunda, Gicaamba, Wangeci na Gathoni, wale wahusika wanyonge waliowapenda. Majina ya Kioi, Nditika na Ikuua wakawapa matajiri na vibaraka waliowajua, wawe wa kijijini au wa kwingineko. Mhakiki anaweza kuandika kurasa kumi kusifu tamthilia. Mwanakijiji anayemwita mwajiri wake Kioi sokoni, na kila mtu akaelewa, ametoa uhakiki usiohitaji karatasi.

Novemba 16, 1977 Mkuu wa Wilaya ya Kiambu alifuta leseni ya maonyesho hayo. Mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kufariki kwa Rais Jomo Kenyatta.

Msomaji na atambue jambo moja hapa. Mwaka wa 1980 muswada wa Ngaahika Ndeenda ulichapishwa Nairobi na kampuni ya Heinemann, ukauzwa madukani waziwazi. Maneno yale yale yaliyomponza mwandishi yalikuwa halali kwa msomaji aliyeketi peke yake nyumbani. Kilichokatazwa kilikuwa watu kuyasikia wakiwa pamoja.

Novemba 1981 kundi la Kamiriithu lilikusanyika upya. Safari hii liliazimia kuleta mchezo mjini, katika lile lile jumba la taifa, kuanzia Februari 19, 1982. Maitu Njugira inasimulia maisha ya wafanyakazi wa Kenya katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wa kipande, kodi ya kibanda na kazi za shuruti katika mashamba ya walowezi. Mazungumzo yalikuwa machache. Sehemu kubwa ya hadithi ilibebwa na nyimbo, ngoma na maigizo bubu.

Uamuzi wa kutumia nyimbo za makabila mengi ulikuwa wa kisanaa, lakini ulikuwa na athari ya kisiasa pia. Ngaahika Ndeenda ilikuwa ya Kigikuyu, na aliyetaka kuibeza aliweza kusema kwamba ni shauri la Wagikuyu wa Kiambu. Igizo lenye nyimbo za zaidi ya makabila manane halikuwa na upenyo huo. Mtazamaji aliusikia wimbo wa kwao, akautambua, akajiona ana fungu. Uliofuata ukawa wa lugha asiyoijua, lakini akamwona mtu akiinama chini ya mzigo au akivishwa kipande shingoni, na maana ikamfikia.

Nyimbo za namna hiyo zilikuwa na historia yake. Wakoloni waliwahi kuupiga marufuku wimbo wa Muthirigu mwaka wa 1930, na walioukaidi amri hiyo waliadhibiwa. Kila mzee aliyeketi ukumbini mwaka wa 1982 alikumbuka enzi ambapo wimbo ulikuwa kosa.

Leseni iliombwa lakini haikutolewa. Siku ya kuhamia jukwaani ilipowadia, kundi lilikuta milango ya jumba la taifa imefungwa na polisi wako nje. Likarudi kwenye ukumbi wa Theatre Two wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako lilikuwa likifanyia mazoezi, na kuendelea. Kwa kuwa mazoezi si onyesho, hayakuhitaji leseni, na milango iliachwa wazi.

Hapo ndipo jiji lilipomiminika. Watu walifika mapema kuwahi viti, na waliochelewa walisimama kwenye ngazi na madirishani. Wengine walisikiliza wakiwa nje. Watazamaji waliimba na waigizaji kila wimbo walioufahamu, na katika baadhi ya sehemu sauti ya ukumbi iliizidi ya jukwaa. Wakulima waliovaa nguo za Jumapili walibanana na wanafunzi na makarani, mchanganyiko ambao hata leo haupatikani kirahisi katika kumbi zetu.

Idadi ya watu 10,000 yafaa ipokewe kwa uangalifu. Mazoezi hayo yalikuwa kama kumi hivi, kwa hiyo ingebidi watu 1,000 waingie kila siku, na ukumbi huo ni mdogo. Lakini ukiwajumlisha wa ngazini, wa madirishani na wa nje, hesabu haiwi muhali. Sisi wa vyumba vya habari tumezoea kuona umati ukipunguzwa au kuongezwa kulingana na anayehesabu. Hata ukikata nusu, bado hiyo ni hadhira ambayo mchezo wenye leseni ungeionea wivu.

Bahati njema ni kwamba hatuna neno la Ngugi pekee. Mtafiti kutoka Uswidi, Ingrid Björkman, alikuja Kenya baadaye akawahoji watu waliohudhuria, na kitabu chake kuhusu mapokezi hayo kilichapishwa London mwaka wa 1989. Alichokigundua ni kuwa wengi wa aliozungumza nao hawakuichukulia tamthilia ile kama historia. Mambo yalikuwa ya miaka ya 1930, mnyapara na bwana shamba walikuwa wa miaka ya 1930, lakini watazamaji waliona mambo ya siku zao. Igizo lenyewe halikutaja waziri wala chama. Ulinganisho huo waliufanya wenyewe vitini.

Ni vigumu kujua kama mtazamaji aliyechukizwa alipata nafasi ya kusikika. Ukumbi uliofunguliwa na wapenzi hujaa wapenzi, na mtu aliyekuja Theatre Two bila tikiti, akijua polisi wako karibu, yaelekea alikuwa ameshakata shauri moyoni. Hilo ni pungufu katika ushahidi tulio nao, ingawa haliondoi ukweli kwamba walifika kwa wingi, usiku baada ya usiku.

Februari 25 mazoezi yalisitishwa na kundi likafungiwa nje ya chuo. Machi 11, 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamiriithu na kupiga marufuku shughuli zote za maigizo katika eneo hilo. Kesho yake malori matatu ya polisi waliojihami yalipanda Limuru, na ule ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa hadi chini. Kutoka ufunguzi ulioahidiwa hadi ubomozi zilikuwa wiki tatu.

Ngugi wa Thiong'o aliondoka nchini mwaka huo huo na kuishi uhamishoni. Kimani Gecau na Ngugi wa Mirii walikwenda Zimbabwe, na huko Ngugi wa Mirii akaendeleza maigizo ya jamii hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2008. Kamiriithu, mahali pa ukumbi pakajengwa chuo cha ufundi.

Tamthilia za muziki zimerejea Nairobi tangu wakati huo, baadhi yazo zikiwa na nyimbo mpya kabisa, kama Mo Faya ya Eric Wainaina iliyofika New York mwaka wa 2009. Nyimbo za kundi la ABBA zina mwenyewe anayelipwa kila zinapoimbwa. Zile 80 za Maitu Njugira hazikuwa na mwenyewe, au tuseme wenyewe walikuwa vitini, na pengine hiyo ndiyo sababu hakuna mfanyabiashara aliyejaribu kuzirudisha jukwaani.

Ngaahika Ndeenda ndiyo iliyorudi. Mwezi Mei 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku, kundi la Nairobi Performing Arts Studio likiongozwa na Stuart Nash liliionyesha katika jumba la taifa, siku nyingine kwa Kigikuyu na nyingine kwa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o alifariki nchini Marekani Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87.