Nguo za baridi za watoto kwa soko la Gitega na Muyinga: nini kipakiwe, nini kiachwe

Na Mwandishi Wetu, Muyinga

Wafanyabiashara wengi wanaoingia Burundi kupitia Kabanga na Kobero hupakia kwa mawazo ya Bujumbura, mji wa joto ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Gitega na Muyinga ziko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi. Usiku wa Juni hadi Agosti baridi ni kali, na asubuhi mtoto anayechunga mbuzi au kwenda shule anahitaji kitu kizito mwilini. Mchana jua linawaka.

Hapo ndipo mitaji inapopotea. Koti nene la manyoya lililotengenezwa kwa ajili ya theluji halina mnunuzi Gitega, kwani saa nne asubuhi mtoto ameshalivua. Kinachotoka ni sweta, jaketi jepesi la flisi na koti la mvua lenye bitana. Masika nayo ni marefu, kwa hiyo angalia kitambaa kabla ya rangi. Pamba nzito hunywa maji na kukauka polepole. Flisi ya poliesta hukauka haraka. Sufu hubakiza joto hata ikiwa imelowa, ila ikifuliwa kwa maji ya moto hujikunja.

Kwa uimara, vuta mshono wa kwapa na wa bega kwa mikono miwili, fungua na kufunga zipu mara kadhaa, kisha tazama viwiko na pindo za mikono. Zipu ikikwama dukani, kwa mtoto haimalizi wiki. Nguo yenye pindo refu linaloweza kushushwa hupata bei nzuri, maana mzazi anahesabu misimu miwili na mdogo wake atairithi. Kamba za kofia shingoni zikatwe. Ulaya viwango vinazikataza kwa watoto wadogo kwa sababu zinaweza kunyonga.

Namba za Ulaya ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 104 ni miaka 4 hivi, 116 miaka 6, 128 miaka 8. Muuzaji anayezijua hapotezi muda kupimisha.

Sasa suala ambalo wengi hulipuuza. Katika marobota ya watoto kutoka Ulaya na Marekani hutokea makoti ya kuwindia. Ni imara kuliko nguo nyingine zote humo: kitambaa kigumu, mishono miwili, mifuko mingi. Lakini mengi yana mabaka ya kijani na kahawia yanayofanana na sare za jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha nguo zinazofanana na sare zake, na halikuwasaza wauzaji. Anayenunua Kariakoo au Kahama na kusafirisha kwa lori la mizigo mchanganyiko ayatoe kabla ya kufunga mzigo. Udogo wa saizi si utetezi wa kutegemea mbele ya askari wa kizuizini. Ya rangi moja, kijani kibichi cha kawaida au kahawia, mengi hayana mabaka hayo, na ndiyo ya kutafuta.

Kuhusu ushuru, mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipandisha kiwango cha mitumba kuwa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, lolote lililo kubwa. Kwa robota la kilo 45, kiwango cha kilo ni dola 18. Robota lenye thamani ya chini ya dola 51 hivi linalipiwa kwa kilo, na hapo bidhaa duni hubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko krimu. Viwango hurekebishwa kila Julai, hivyo thibitisha na wakala wako wa forodha kabla ya kulipia mzigo.

Cheti rahisi cha uasili, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakihusu mitumba ya Ulaya hata kama umeinunua Dar es Salaam. Sweta mpya zilizofumwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha ya pamoja, zinaweza kunufaika nacho. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Muyinga, tofauti hiyo pekee inatosha kumfanya apige hesabu upya kati ya sweta mpya na ya mtumba.

Wasafirishaji wafunike marobota kwa turubai mbili wakati wa mvua. Nguo iliyobanwa ikilowa huvunda kwa ndani, na mnunuzi hugundua siku ya kukata kamba.