Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti B. Afrika Mashariki huwapata zaidi watoto wadogo. Mara nyingi huanzia kwenye taya: shavu linavimba, meno yanalegea, jicho linatokeza, wengine huvimba tumbo. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, kwani seli zake huongezeka maradufu kwa siku 1 au 2.

Jina linatokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, ambaye mwaka 1957 alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Muda si mrefu akamkuta mwingine Jinja. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, kisha akashika barabara, jambo lisilo la kawaida kwa mpasuaji. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari kuukuu la Ford kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiulizia hospitali moja baada ya nyingine. Ilibainika kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua. Karibu na ikweta, juu ya mwinuko wa mita 1,500 hivi ulikuwa nadra.

Mstari huo wa mwinuko unapita ndani ya wilaya ya Mbulu, kaskazini mwa Tanzania. Wairaqw wa nyanda za juu, kwenye baridi kali ya Juni na Julai, wako juu yake, kama walivyo wakazi wa miteremko ya mlima Hanang. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wako chini. Lakini mwinuko si dawa. Mhusika ni mbu aenezaye malaria. Malaria ya mara kwa mara huzichochea limfosaiti B ambazo tayari zina virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Ndipo jeni MYC ya kromosomu 8 huhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu 14, na seli haishikiki tena.

Kisu hakitoshi; ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa kama siklofosfamaidi, na wengi hupona wakiwahishwa. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa 1955, ndiyo kimbilio la karibu kwa watu wa Mbulu. Miongoni mwa vituo vikubwa vya saratani ni hospitali za KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza. Mtoto akivimba taya, asing'olewe jino kabla daktari hajauchunguza uvimbe huo.