MAJI HUFUATA MKONDO: MAFURIKO NA RELI KATIKA HISTORIA YA MJI WA MUMBAI

Utangulizi

Watu wa pwani yetu wanayo methali fupi isemayo kwamba maji hufuata mkondo. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuelezea mwenendo wa watu, kwamba kila jambo hupita katika njia yake iliyozoeleka. Katika makala haya tutaichukua methali hiyo kwa maana yake ya asili kabisa, yaani maana ya maji yenyewe. Tutajaribu kueleza jinsi mji mmoja mkubwa wa ng'ambo ya bahari yetu ulivyojengwa juu ya njia za maji, jinsi reli yake ilivyogeuka kuwa uti wa mgongo wa maisha ya wakazi wake, na jinsi maji yalivyorudi kuidai njia yake tarehe 26 Julai 2005.

Mji huo ni Mumbai, ambao hadi mwaka 1995 jina lake rasmi lilikuwa Bombay. Huenda msomaji akauliza kwa nini tuiendee India kutafuta mafunzo. Jibu ni kwamba Mumbai si mgeni katika historia yetu. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizokusanywa Unguja zilisafirishwa kwa wingi hadi bandari hiyo. Yule Mwafrika mashuhuri aliyewaongoza wapelelezi wa Kizungu katika bara letu, Sidi Mubarak Bombay, alipelekwa utumwani India, akalichukua jina lake kutoka mji huo. Tena, upepo wa kusi uliozisukuma jahazi zetu kuelekea kaskazi ndio huo huo unaovuka Bahari ya Arabu, ukajaa unyevu, na kuishukia pwani ya magharibi ya India kama mvua za masika yao, kuanzia Juni hadi Septemba. Upepo uliokuwa baraka kwa nahodha wa Unguja ndio unaoijaza mitaa ya Mumbai maji.

Visiwa saba

Atazamaye ramani ya Mumbai leo huona rasi moja ndefu na nyembamba iliyochomoza baharini kuelekea kusini. Miaka 350 iliyopita hakukuwa na rasi hiyo. Palikuwa na visiwa saba: Colaba, Colaba Ndogo, Bombay, Mazagaon, Parel, Worli na Mahim. Kati ya kisiwa na kisiwa palikuwa na vijito vya bahari, mikoko na matope. Maji yalipojaa, visiwa vilitengana. Yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka baadhi ya sehemu kwa miguu. Wavuvi wa kabila la Wakoli waliishi humo wakiifuata saa ya bahari, kama wavuvi wetu wafuatavyo bamvua na maji mafu.

Mwaka 1661 Wareno, waliokuwa wakivitawala visiwa hivyo, walivitoa kuwa mahari ya binti wa mfalme wao alipoolewa na Charles wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1668 mfalme huyo aliikodisha Bombay kwa Kampuni ya Mashariki ya India kwa paundi 10 kwa mwaka. Kampuni ilitaka bandari, maghala na ardhi ya kujenga, wala haikuwa na haja na vijito. Ndipo ikaanza kazi ya kuifukuza bahari. Ukuta uliojengwa wakati wa gavana William Hornby, uliokamilika karibu na mwaka 1784, uliziba mlango mkubwa wa maji upande wa Worli. Mwaka 1805 ilikamilika barabara ya tuta iliyouunganisha mji na kisiwa kikubwa cha Salsette upande wa kaskazini. Tuta hilo lilianzia Sion hadi Kurla. Tunamwomba msomaji ayakumbuke majina hayo mawili, kwani tutakutana nayo tena. Jina Sion lenyewe limetokana na neno la Kimarathi lenye maana ya mpaka. Hapo ndipo kisiwa kilipokuwa kikiishia na maji yakianzia.

Reli na wavuja jasho

Tarehe 16 Aprili 1853 gari la moshi la kwanza la abiria katika India liliondoka Bori Bunder, mjini Bombay, kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34. Lilikuwa na mabehewa 14 na wageni wapatao 400, na mizinga 21 ilipigwa kulisalimu. Tusidhani kwamba reli hiyo ilijengwa kwa kuwahurumia wasafiri. Viwanda vya Uingereza vilihitaji pamba, na pamba ililimwa bara. Reli ilikuwa mkono wa kuifikisha pamba bandarini, kama ambavyo reli zilizojengwa baadaye katika nchi zetu zilielekezwa bandarini na wakoloni.

Hata hivyo, watu wanyonge wana desturi ya kukigeuza chombo cha mkubwa kikawa chombo chao. Viwanda vya nguo vilipoota huko Parel na jirani zake, maelfu ya wakulima waliingia mjini kutafuta kazi. Mwaka 1867 treni ya kwanza ya abiria wa vitongoji ilianza kutoka Virar, kaskazini, ikifanya safari moja tu kwa siku. Tarehe 3 Februari 1925 ilianza treni ya umeme kutoka stesheni kuu, iliyoitwa Victoria wakati huo, hadi Kurla. Kwa kuwa mji ulikuwa umebanwa na bahari pande zote, haukuwa na mahali pa kukua ila kaskazini, na ulikua kwa kuifuata reli. Maofisi yalibaki kusini, na watu wakahamia kaskazini. Viwanda vya nguo vilipodhoofika, hasa baada ya mgomo mkubwa ulioanza Januari 1982, mwendo huo ulizidi.

Hivyo basi, kufikia mwanzo wa karne ya 21 zaidi ya safari milioni 6 zilifanywa kila siku kwa treni hizo. Asubuhi na jioni msongamano ulifikia watu 14 hadi 16 katika mita moja ya mraba. Karani, mwanafunzi, mama muuza samaki na wabebaji wa vyakula vya mchana waitwao dabbawala, wote waliitegemea. Mtu wa Mumbai akiulizwa anakaa wapi, hutaja stesheni. Treni ikisimama, mji nao husimama.

Siku ya tarehe 26 Julai 2005

Asubuhi ya Jumanne hiyo watu walikwenda kazini kama kawaida. Mchana wingu zito lilitanda juu ya vitongoji vya kaskazini, na mvua ikaanza kumwagika. Katika saa 24, kituo cha hali ya hewa cha Santacruz kilipima milimita 944. Ili mwanafunzi wetu aelewe uzito wa hesabu hiyo, tumkumbushe kwamba mvua yote inyeshayo Dar es Salaam kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 1,100. Jambo la ajabu ni kwamba Colaba, kwenye ncha ya kusini ya mji huo huo, ilipata milimita 73 tu. Wakubwa na makarani waliokuwa katika maofisi ya kusini waliitazama mvua ya kawaida dirishani, wala hawakujua kwamba nyumba zao upande wa kaskazini zilikuwa zikizama.

Mto Mithi, utokao katika maziwa ya Vihar na Powai na kuingia baharini kwenye hori la Mahim, ulifurika. Kwa bahati mbaya bahari nayo ilikuwa imejaa mchana huo. Midomo mingi ya mifereji ya mji iko chini ya kina cha maji yaliyojaa. Kwa hiyo maji ya mvua hayakuweza kutoka. Yalirudi nyuma yakatafuta mahali pa chini, na mahali pa chini ni pale palipokuwa bahari zamani. Treni zilikwama mahali pengi. Na miongoni mwa sehemu zilizozama vibaya kabisa zilikuwa Sion na Kurla, pale pale ilipojengwa ile barabara ya tuta ya mwaka 1805.

Yafaa tueleze kwa nini treni hushindwa na maji. Treni ya umeme ina mota chini ya sakafu yake, karibu na magurudumu. Maji yakiingia humo mota huungua. Ishara za njiani hutumia umeme upitao katika vyuma vya reli, na maji huuvuruga. Aidha, tuta lililowekwa kokoto chini ya mataruma huweza kuchimbwa na mkondo huku vyuma vikining'inia hewani. Kwa hiyo msimamizi wa treni hana budi kuisimamisha, hata kama abiria elfu kadhaa wamo ndani.

Ndivyo ilivyokuwa. Wengi walilala ndani ya mabehewa yasiyo na taa. Wengine waliteremka wakatembea usiku kucha juu ya reli, maji yakiwafika kiunoni na wengine kifuani, wakishikana mikono kama mnyororo. Watoto walilala mashuleni. Katika mitaa, watu walikufa kwa kuzama, kwa kuangukiwa na vilima, na wengine kwa kukosa hewa ndani ya magari yaliyojifunga milango. Katika jimbo zima la Maharashtra, mvua za siku hizo ziliua zaidi ya watu 1,000, na mamia kati yao walikuwa wa Mumbai. Maji yalipokwisha kupungua, ilizuka homa ya mgunda, iletwayo na mkojo wa panya katika maji machafu, ikaua wengine.

Je, ni amri ya Mungu?

Baada ya msiba hoja mbili zilishindana. Hoja ya kwanza ilisema kwamba hakuna mji duniani wenye mifereji iwezayo kuchukua milimita 944 kwa siku moja. Hoja hii ina ukweli, na asiyeikubali anajidanganya. Lakini haitoshi. Mifereji ya Mumbai, ambayo sehemu kubwa ilirithiwa kutoka kwa wakoloni, ilikadiriwa kwa mvua ya milimita 25 kwa saa wakati bahari imekupwa. Wataalamu walikwisha kuandika taarifa mwaka 1993 wakipendekeza uwezo huo uongezwe mara mbili. Kwa muda wa miaka 12 sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa. Wakati huo huo mto Mithi ulipindwa ili kuupisha uwanja wa ndege, mikoko iliyokuwa ikiyapokea maji ilifukiwa ili kujenga maofisi ya fahari, na taka za plastiki zikaziba kilichosalia.

Wako pia waliowalaumu maskini waliojenga vibanda kandokando ya mto. Ni kweli kwamba vibanda viliubana mto. Lakini mtu hakai bondeni kwa kupenda mbu. Hukaa huko kwa sababu ardhi ya juu imekwisha kuchukuliwa na wenye nacho, naye anahitaji kuwa karibu na stesheni impelekayo kazini. Mkoloni aliyefukia hori aliitwa mjenzi wa mji, na tajiri aliyefukia mikoko aliitwa mwekezaji. Maskini peke yake ndiye aliyeitwa mvamizi.

Usiku ule maskini hao hao ndio waliotoka vibandani mwao na kamba, chai na mikate, wakawapokea abiria wasiowajua, bila kuuliza dini wala kabila. Nyumba za ibada zilifunguliwa kwa wote. Huu ni utu, nasi tunausifu. Lakini tuangalie jambo moja. Sifa hiyo ya ukarimu wa watu wa Mumbai ilirudiwa mno katika hotuba na magazeti hata wananchi wengine wakaichoka, kwani waliiona inageuzwa kuwa kisingizio. Ukarimu wa jirani humvusha mtu usiku mmoja. Hauwezi kushika nafasi ya mfereji.

Baada ya mwaka 2005 mto ulichimbwa na kupanuliwa, na vituo vya pampu kama cha Haji Ali na cha Irla vilijengwa ili kuyasukuma maji baharini. Hata hivyo, tarehe 29 Agosti 2017 treni zilisimama tena na watu wakatembea juu ya reli. Mwanzoni mwa Julai 2019 ilinyesha milimita 375 kwa siku moja. Mwezi huo huo treni ya mbali iitwayo Mahalaxmi Express ilizingirwa na maji nje ya mji, na abiria wapatao 1,000 wakaokolewa kwa mashua.

Hitimisho

Tumeona kwamba mafuriko ya Mumbai hayakuanza siku ile ya Julai. Yalianza pale kijito cha kwanza kilipofukiwa. Mvua ilileta maji, lakini historia ndiyo iliyoyaonyesha mahali pa kwenda.

Sisi nasi tunayo ya kujifunza. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya Dar es Salaam kama Mithi upitavyo Mumbai. Desemba 2011 uliwafurikia watu wa Jangwani na mabonde mengine, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha mjini humo. Miezi kumi baadaye, Oktoba 2012, Dar es Salaam nayo ikaanza kuwa na treni ya abiria wa mjini. Mji wetu umeshika njia ile ile ya kukua, na bado tuna nafasi ya kuchagua tutakavyoipita.

Wazee wetu waliacha taarifa zao katika majina ya mahali: Mtoni, Bondeni, Ziwani, Kisimani. Tunawashauri walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa mitaa yao, wakaulize kila jina lilitoka wapi, maji yalikuwa yakipita wapi zamani, na nani alikuwa wa kwanza kujenga hapo. Majibu yaandikwe na ramani ichorwe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Huenda siku moja mhandisi akaihitaji ramani hiyo kabla hajalaza reli, na ni heri aikute darasani kuliko kuifundishwa na mvua.