Kuchanja, kukata, kudunga: Mwindaji na sumu ya nyoka

Lugha huhifadhi historia ambayo wenyewe tumeisahau. Chukua kitenzi ‘kuchanja’. Leo tukisema mtoto amechanjwa, tunafikiria muuguzi, sindano na kadi ya kliniki. Lakini maana yake ya asili ni kupasua au kukatakata. Ndiyo maana kuni nazo huchanjwa. Kabla ya sindano kufika kwetu, fundi alichanja ngozi kwa wembe, kisha akasugua dawa penye chale. Na mojawapo ya mambo ambayo watu walichanjiwa ni sumu ya nyoka.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia ya mwindaji na nyoka katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kupitia vitenzi vitatu: kuchanja, kukata na kudunga. Kila kimoja kilikuja na ahadi yake. Kipo pia cha nne, ambacho hakikuwahi kupewa heshima inayokistahili. Nitakifikia.

Tuanze na kuchanja. Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanganyika walikuwa na vyama vya mafundi wa nyoka. Kwa Wasukuma, mafundi hao waliitwa Bayeye, na ngoma yao ya kucheza na chatu inajulikana hadi leo. Mwanachama alichanjwa dawa iliyotengenezwa kwa mimea na kwa nyoka wenyewe, ili akiumwa asidhurike. Wanyamwezi walisifika katika karne ya 19 kwa upagazi na kwa kuwinda ndovu, kazi mbili zinazompitisha mtu nyikani kila uchao. Mmarekani F. G. Carnochan, aliyefika Tanganyika mwaka 1926 na msafara wa kukusanya wanyama, alivutiwa sana na vyama hivyo hata akaviandikia kitabu kilichotoka mwaka 1935.

Je, ulikuwa ushirikina mtupu? La, si rahisi hivyo. Mwili ukipewa sumu kidogo kidogo huweza kujifunza kuipinga, na hiyo ndiyo kanuni ya dawa za kisasa, kama tutakavyoona. Tatizo ni kipimo. Chale haimwambii mtu amepata sumu kiasi gani, wala haimhakikishii kwamba kinga iliyopatikana, kama ipo, itatosha siku atakapokutana na koboko.

Sasa tuje kwenye kukata. Wazungu waliokuja kuwinda huku mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na hirizi yao pia, ila wao waliiita sayansi. Kilikuwa kijisu kidogo kilichobuniwa na daktari Lauder Brunton wa Uingereza. Upande mmoja kilikuwa na ncha kali. Upande wa pili, ndani ya mpini, kulikuwa na chembechembe za zambarau za pamanganeti ya potasiamu. Aliyeumwa alifungwa kamba juu ya jeraha, akachanwa pale pale penye alama za meno, kisha akasuguliwa zile chembe ndani ya nyama. Hebu linganisha na chale ya fundi wa Kinyamwezi: wembe, jeraha, dawa ya kusugua. Tofauti ni kwamba mmoja alikata kabla, mwingine akakata baada.

Ni kweli kwamba pamanganeti huiharibu sumu zikichanganywa kwenye chupa ya maabara. Lakini mwilini haiifikii sumu ambayo imeshasambaa. Kilichobaki ni kidonda na damu nyingi. Kuna nyoka ambao sumu yao huzuia damu kuganda, na kumkata mtu aliyeumwa na nyoka wa aina hiyo ni kumwongezea balaa. Kamba nayo ikikazwa sana huzuia damu kufika kwenye mguu au mkono, na kiungo kikafa. Hata hivyo, kijisu hicho kilitembea mifukoni mwa wawindaji na maafisa wa kikoloni kwa miongo kadhaa. Kilimpa mtu kitu cha kufanya, na mwenye hofu hupenda kufanya kitu.

Tiba ya kweli ilikuwa imeshazaliwa. Mwaka 1894, jijini Paris, Phisalix na Bertrand kwa upande mmoja, na Albert Calmette kwa upande mwingine, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu huweza kumkinga mwingine. Farasi akawa kiwanda: anadungwa sumu kidogo kidogo, kisha maji ya damu yake yanasafishwa na kuwa dawa. Calmette aliamini kwamba dawa moja ingetosha kwa nyoka wote. Vital Brazil, wa São Paulo, akathibitisha kwamba sivyo: dawa iliyotokana na nyoka mmoja haifui dafu mbele ya sumu ya mwingine wa jamii tofauti. Huku Afrika, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Johannesburg ilianza kutengeneza dawa hiyo mwaka 1928.

Hapo ndipo majina ya nyoka yalipogeuka kuwa suala la uhai. Kiswahili kina utajiri hapa: fira, swila, koboko, moma, kifutu, bafe. Lakini utajiri huo una mtego. Moma, kifutu na bafe huweza kuwa nyoka yule yule mnene, mvivu, anayelala njiani hadi akanyagwe. Ama hilo jina ‘mamba’ ambalo Kiingereza kililichukua kutoka Kizulu, kwetu ni mnyama wa mtoni! Mwandishi akituambia kwamba mchungaji ‘ameumwa na mamba’, tumwendee na dawa gani?

Aliyeelewa thamani ya majina haya ni C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901, akaja Tanganyika, akawa mwindaji haramu wa ndovu, kisha ofisa wa wanyamapori na mmoja wa waliolijenga pori la akiba la Selous. Alipostaafu alihamia Newala, akawa anakamata nyoka, na watu wakamwita Bwana Nyoka. Wanakijiji walioona nyoka walimletea habari, naye akawalipa. Yaani maarifa yake yalisimama juu ya macho na lugha ya wakulima wa Kimakonde.

Dawa ya kudunga nayo si ya kutiwa mkobani ovyo. Ile ya majimaji hutaka jokofu. Isitoshe, protini za farasi huweza kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafla unaoua, kwa hiyo hudungwa penye mhudumu na dawa za dharura.

Basi tufike kwenye kitenzi cha nne: kuwahi. Kusini mashariki mwa Nepal, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wenye pikipiki walijitolea kuwakimbiza hospitalini walioumwa na nyoka. Vifo miongoni mwa walioumwa vikashuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Hakuna kisu wala jiwe lililowahi kufanya hivyo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wawindaji wakaondoka na vijisu vyao, lakini mafunzo yao mabaya yakabaki. Kule Baringo na Kitui, mchungaji bado hufungwa kamba, hukatwa wembe, huwekewa jiwe jeusi ambalo kwa kweli ni mfupa uliochomwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka.

Maandalizi, basi, hufanywa kabla ya safari: viatu vya kufunika vifundo, kurunzi ya usiku, nambari ya simu ya mwenye boda boda, na kujua ni hospitali gani iliyo na dawa. Mtu akiumwa, atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, aondoke mara moja. Akitemewa machoni, aoshwe kwa maji mengi. Nyoka asifukuzwe, inatosha kueleza alivyoonekana. Na tuache kuiita dawa hiyo ‘chanjo’. Chanjo humkinga mtu kabla; hii humsubiri hospitalini, na humfaa anayewahi.